Blogu ya Duka: Ununue Maziwa au Ufuge Ng'ombe?

Jumamosi moja mteja aliingia kwenye agroveti hapa Nakuru, akainamia kaunta na kumwonyesha mwenye duka simu yake. Alikuwa ametafuta dawa ya kupe kwenye Google. Jina la duka lilitokea vizuri, lakini chini yake palikuwa na mistari ya maandishi ya Kijapani na bei za saa na mikoba.

"Mama, siku hizi mmeanza kuuza saa?"

Mama alicheka naye, akamuuzia dawa, akamrudishia chenji. Mteja alipotoka tu akanipigia simu, na hapo hakuwa anacheka tena.

Nilistahili. Blogu ile niliijenga mimi. Mama alipoifungua kwa simu yake mwenyewe hakuona kasoro: makala ya viwavijeshi ilikuwa pale, ya mnyauko wa viazi pale pale, picha ya duka juu. Ndivyo uvamizi wa aina hii unavyofanya kazi. Kurasa za uongo, wakati mwingine maelfu, huonyeshwa Google peke yake, na binadamu akija anapewa blogu ya kawaida. Hakuna mtu aliyekaa mahali akaamua kumwonea mama wa Nakuru. Ni programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu kila mlango, na mlango wangu ulikuwa plagini ya fomu, yaani programu ndogo ya nyongeza, ambayo haikuwa imesasishwa kwa zaidi ya mwaka.

Nilitumia siku mbili kusafisha. Siku ya tatu mama aliniita dukani, akanivutia kiti nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, akaniuliza swali ambalo nilipaswa kumjibu kabla hajanilipa shilingi ya kwanza. "Kijana wangu, kwani hakuna mahali blogu inakaa na wenyewe wanaiangalia?"

Papo, nikamwambia. Nikamweleza pande zote mbili kwa dakika kumi hivi, huku akihudumia wateja. Mwishowe akasema, "Kwa hivyo moja ni kununua maziwa ya pakiti, nyingine ni kufuga ng'ombe." Kisha akaongeza, kama mtu aliyeuza chumvi ya mifugo nusu ya maisha yake, "Na ng'ombe hana Krismasi."

Tangu siku hiyo sijapata namna bora ya kulieleza jambo hili.

Kwanza tuelewane majina

Maziwa ya pakiti ni hivi: unafungua akaunti Blogger, WordPress.com, Wix, Squarespace au kwenye huduma ya kulipia ya Ghost, unaandika, unachapisha. Seva, yaani kompyuta zinazohifadhi blogu, ni zao, usasishaji ni wao, ulinzi ni wao. Ng'ombe ni pale unapochukua programu, mara nyingi WordPress, ukaiweka kwenye nafasi ya seva uliyoilipia mwenyewe. Kuanzia hapo kila kitu kilicho ndani ya zizi ni chako, pamoja na samadi.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu WordPress iko pande zote mbili. Programu yenyewe ilianza mwaka 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, na ni ya bure: yeyote anaweza kuipakua wordpress.org na kuiweka anapotaka. WordPress.com ilikuja mwaka 2005 ikiwa huduma ya kampuni ya Automattic, programu ile ile lakini kwenye seva zao na kwa masharti yao. Kwa hivyo mtu akikuambia "mimi niko WordPress", bado hujajua kama ana ng'ombe au ana pakiti. Muulize anamlipa nani.

Wengine hufananisha haya na nyumba ya kupanga na nyumba ya kujenga. Mfano huo siupendi, unadanganya. Hata ukihosti mwenyewe, yaani ukifuga ng'ombe, bado unapanga: domeini, jina la anwani yako mtandaoni, inalipiwa kila mwaka, seva inalipiwa kila mwaka, na ukiacha kulipa unatolewa vyombo nje kama mpangaji yeyote. Tofauti haiko kwenye hati ya shamba. Iko kwenye nani anaamka saa kumi alfajiri kukamua.

Na kabla sijasahau: kuhosti mwenyewe si kuweka kompyuta nyuma ya duka iwe seva. Kuna mtu aliwahi kumshauri mama hivyo ili aokoe pesa. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Sitaongeza neno.

Pesa

Hakuna kinachoshinda Blogger kwa bei. Imekuwako tangu 1999, Google wakainunua 2003, na mpaka leo hailipishwi. Ukitaka anwani ya biashara yako badala ya ile inayoishia na blogspot.com, unanunua domeini ya .co.ke kwa wakala wa KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke, kama shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwaka, na kuiunganisha ni bure. Gharama ya mwaka mzima imeishia hapo.

WordPress.com nayo ina mpango wa bure, lakini haukuruhusu kutumia domeini yako, na wenyewe wanaweza kuweka matangazo yao kwenye makala zako. Hebu fikiria umeandika vizuri kuhusu dawa ya minyoo, halafu chini yake watu wengine wanatangaza vitu vyao na wewe huna la kusema. Mpango wa kulipia ulio chini kabisa umekuwa ukiuzwa dola 4 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani dola 48. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni 6,240. VAT ya asilimia 16 ikiongezwa, unafika kama 7,240. Lakini usiiamini dola: mwanzoni mwa 2024 ilikaribia shilingi 160, na dola hizo hizo 48 zingekuwa 7,680 kabla ya kodi. Anayeuza chakula cha kuku kwa shilingi analipia blogu kwa fedha ambayo haijali kama kuku wametaga.

Sasa ng'ombe. Nafasi kwenye seva ya pamoja kwa kampuni za humu nchini inazunguka shilingi 3,000 hadi 6,000 kwa mwaka. Ongeza domeini. Programu ni bure, cheti cha HTTPS ni bure kupitia Let's Encrypt, na kampuni nyingi hukisasisha bila wewe kugusa kitu. Ukiishia hapo utaona ng'ombe ana bei nafuu kuliko pakiti ya kulipia, na ndivyo nilivyomwambia mama mara ya kwanza. Nilihesabu majani nikasahau mchungaji. Leo mimi hutoza shilingi 1,500 kwa mwezi kutunza blogu ya mtu: bekapu, usasishaji, kuangalia kama kuna aliyejaribu kuingia. Kwa mwaka ni 18,000. Weka 4,500 za seva na 1,200 za domeini, unapata 23,700. Huyo ndiye ng'ombe halisi, na tofauti yake na pakiti ya 7,240 si ndogo kwa duka la kawaida.

"Si nitafanya mwenyewe?" Unaweza. Nusu saa kwa wiki inatosha ukishazoea. Lakini iwe nusu saa ya kweli, kila wiki, hata wiki ya mnada, hata wiki ya kupeleka watoto shule. Wengi niliowaona hufanya mwezi wa kwanza na wa pili, kisha wanasubiri Kijapani kitokee.

Mambo mawili madogo ya malipo. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo la hosti mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa pili imeandikwa kwa herufi ndogo na inaweza kuwa mara mbili au zaidi. Na kampuni za hapa hukubali M-Pesa na kukupa ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ambayo utaihitaji ukitaka KRA wakubali gharama hiyo kwenye hesabu zako. Kampuni za nje hutaka kadi. Tangu 2022 kuna kadi ya M-Pesa GlobalPay ya Visa, nayo husaidia, ila kumbuka kuweka salio siku ya malipo kujikata yenyewe. Domeini nzuri zimepotea kwa sababu ya kadi isiyo na pesa.

Dunga, na ufunguo uliopotea

Mpaka hapa utadhani nakuambia ununue pakiti ulale. Ngoja nikueleze ya Kisumu.

Pale ufuo wa Dunga kuna vijana wenye boti ambao huwapeleka wageni kuona ndege kwenye mafunjo asubuhi na viboko jioni. Blogu yao ilikuwa Blogger, haikuwa na domeini, na ilikuwa na akili kuliko blogu nyingi za kampuni kubwa ninazozijua. Mgeni anayetoka Nairobi na familia huuliza jambo moja kabla ya kupanda gari: je, gugu maji limejaa? Likijaa, boti hazitoki, na safari ya mwendo wa siku nzima imekwenda bure. Basi kila Ijumaa vijana wale waliandika mistari minne na kuweka picha moja ya ziwa ilivyo siku hiyo. Watu waliwaamini kwa hiyo mistari minne.

Aliyeifungua blogu ni mmoja wao, kwa Gmail yake ya binafsi, peke yake. Kisha akapata kazi mbali, simu ikapotea, laini haikurudishwa kwa wakati. Namba za kuthibitisha zikawa zinatumwa kwenye laini ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Walijaribu kila fomu ya kurejesha akaunti. Blogger ni huduma ya bure, haina kaunta ya kugonga wala meneja wa kumwomba. Baada ya miezi miwili walinipigia, na mimi nilifika Kisumu nikala samaki, nikashindwa kama wao.

Kilichouma zaidi ni makala ya mwisho iliyobaki juu ya blogu ile. Ilisema: gugu maji limejaa wiki hii, boti hazitoki. Imebaki hivyo. Ziwa lilifunguka, upepo ukalisukuma gugu upande wa pili, boti zikarudi kazini, lakini kila anayetafuta anaambiwa hadi leo kwamba hazitoki.

Kwa hivyo pakiti nayo ina mlango wake wa kuibiwa, na mlango huo ni akaunti. Dawa yake haigharimu kitu. Blogger inaruhusu hadi watu 100 kwenye blogu moja; wawili wakiwa wasimamizi wenye mamlaka kamili, mmoja akipotea wa pili anaendelea. Barua pepe iwe ya biashara, namba ya simu iwe ya biashara, na misimbo ya dharura ya kuingilia akaunti ichapishwe iwekwe pamoja na leseni. Google pia wana sera ya kuweza kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili, kwa hivyo ile Gmail uliyoifungua kwa ajili ya blogu tu, ingia mara moja moja.

Vijana wale wangekuwa na domeini yao, hasara ingekuwa ya mchana mmoja. Wangeielekeza domeini kwenye blogu mpya, na wateja wangekuja kwa anwani ile ile bila kujua kilichotokea. Wangepoteza makala za zamani, lakini wasingepoteza mlango. Ndiyo maana kila anayeniuliza Blogger au WordPress namjibu kwa swali: domeini iko kwa jina la nani?

Nikikiri yote, ya mama ilikuwa kwa jina langu. Kwa barua pepe yangu, kwa simu yangu. Sikuwa na nia mbaya, ilikuwa haraka tu ya kumaliza kazi, na mafundi wengi hufanya hivyo hivyo. Lakini ningegongwa na boda siku ile barabarani, duka lingekosa jina lake mtandaoni kwa mwaka mzima. Nimeshamhamishia. Fundi wako akikwepakwepa ukimwomba hivyo, hapo umeshajibiwa.

Siku ya kuhama

Hakuna jukwaa la kudumu. GeoCities ilifungwa 2009. Posterous ilinunuliwa na Twitter na kufungwa 2013. Typepad, iliyoanza 2003 na kulipiwa na wateja wake miaka yote, ilizimwa tarehe 30 Septemba 2025. Karibu zaidi na sisi: zile tovuti ndogo za bure ambazo ungeweza kutengeneza ndani ya wasifu wa biashara wa Google zilifungwa Machi 2024, na aliyekuwa amechapisha anwani hiyo kwenye risiti na kwenye ukuta wa duka alibaki na rangi tu.

Kwa hivyo jaribu mlango wa kutokea kabla hujaingia. Fungua akaunti ya majaribio, andika makala mbili, kisha tafuta jinsi ya kuzitoa.

Blogger hukupa makala zako zote kwenye faili moja la XML, na WordPress inaweza kulisoma. WordPress.com na WordPress unayoihosti mwenyewe hupokezana vizuri zaidi ya wote, kwa kuwa ni damu moja. Unaweza kuanza na pakiti mwaka huu na kununua ng'ombe mwaka kesho bila kilio kikubwa. Squarespace hutoa makala za blogu lakini si kila kitu. Wix ni ya kupendeza kutengeneza, na kutoka ndiko kugumu: haikuruhusu kubeba tovuti yako kwenda kwa hosti mwingine, na mara nyingi utanakili makala moja moja. Kwa tangazo la harusi ni sawa. Kwa blogu ya duka unayotaka ikae miaka kumi, mimi siishauri.

Lipo jambo moja ambalo huwaumiza watu hata kwenye WordPress. Lile faili la XML halina picha ndani yake. Lina maneno na anwani za picha tu. Blogu mpya huzifuata picha kwenye blogu ya zamani na kuzivuta. Ukifunga blogu ya zamani siku hiyo hiyo kwa furaha ya kuhama, umebaki na makala za samaki zisizo na samaki. Hamisha, kagua makala tano za zamani zaidi picha zikifunguka, ndipo ufunge.

Na anwani za makala. Blogger hupanga kwa mwaka na mwezi na kumalizia na html. Ukihamia WordPress bila kuweka mpangilio huo huo, kila kiungo ambacho mtu alikituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafugaji kitaangukia ukurasa mtupu. Kazi ya dakika kumi kama una domeini yako. Kama ulikuwa kwenye blogspot.com, huna namna safi ya kuwaelekeza.

Anayehosti mwenyewe hapa ana raha. Anachukua mafaili yote na hifadhidata yote, anaviweka kwa hosti mwingine, anabadilisha mwelekeo wa domeini usiku, asubuhi wateja hawajui. Ng'ombe hufungwa kamba na kupelekwa shamba jingine akiwa mzima. Pakiti haisafiri hivyo.

Je, unahitaji anachokupa ng'ombe?

Sababu ya kweli ya kuhosti mwenyewe ni kufanya usichoruhusiwa kwingine. Mama anapokea oda: mfugaji wa Njoro au Subukia anachagua madini na dawa, anaandika namba yake, anapata ombi la M-Pesa kwenye simu, mzigo unapandishwa matatu. Hilo limeunganishwa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, na kwa plagini ninazochagua mimi. Kwenye Blogger haliwezekani kwa namna ya maana. Kwenye WordPress.com inategemea umelipia mpango gani, na masharti ya plagini pale yamebadilika mara kwa mara, kwa hivyo soma ya siku unayonunua.

Lakini wengi wanaoniambia wanataka kulipwa ndani ya blogu hawahitaji. Wateja wao wanaongea WhatsApp, wanauliza bei WhatsApp, wanaomba kupunguziwa WhatsApp, na kiungo cha wa.me, kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp, kinafanya kazi kwenye jukwaa lolote duniani, hata la bure. Vijana wa Dunga hawajawahi kukosa mteja kwa kukosa kikapu cha manunuzi. Walimkosa kwa kukosa paswadi.

Ukikusanya majina na namba za simu, ujue pia umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jukumu ni lako pande zote mbili, lakini kwa anayehosti mwenyewe data inavujia nyumbani kwake. Ile fomu iliyovunjwa dukani kwa mama ilikuwa inapokea namba za wafugaji. Nilipekua kumbukumbu za seva usiku kucha mpaka nikaridhika kuwa hazikuguswa, kwa sababu zingechukuliwa na kukawa na hatari ya kweli kwa wenye namba, mama angekuwa na saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, na faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Fomu usiyoihitaji, iondoe. Namba za miaka mitatu iliyopita, zifute.

Kasi na sura sitazirefusha. Seva ya Nairobi hujibu Nakuru kwa milisekunde chache, ya Ulaya kwa zaidi ya mia, na msomaji wa kawaida haoni tofauti hiyo. Anaona picha ya megabaiti nne iliyopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye simu. Punguza picha. Siku pekee ambayo seva ya humu nchini ilishinda wazi ni tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na vilivyo ng'ambo vikawa vinakokota. Sura nayo, chagua themu rahisi uendelee na kazi.

Ghost ninaitaja kwa wanaopenda kutuma makala kwa barua pepe. Ni programu nzuri, safi, ilianza 2013. Ila kuihosti mwenyewe kunataka seva yako yenye programu za Node.js na MySQL, si ile nafasi ya pamoja ya shilingi elfu tatu, kwa hivyo kwa biashara nyingi za huku ama unalipia huduma yao kwa dola ama unaiacha.

Walichoamua

Nilitarajia mama ahamie pakiti. Nilikuwa nimeshaandaa hesabu. Akazitazama, akasema oda za Subukia hazitaki pakiti, akamwita binti yake anayemaliza chuo na kumwambia Jumatatu ni zake. Sasa ukutani kuna karatasi ya ratiba ya chanjo ya vifaranga, na chini yake mistari iliyoongezwa kwa kalamu nyekundu. Bekapu kwanza, na nakala isikae kwenye seva ile ile. Kisha sasisha. Plagini isiyotumika, toa, usizime tu. Mwisho wa mwezi, rudisha bekapu mahali pa majaribio uone kama inafufuka kweli. Binti aliijaribu mwezi wa kwanza na haikufufuka, faili lilikuwa tupu. Angeligundua hilo siku ya balaa kama asingejaribu. Mimi wananilipa kwa kuitwa tu, si kwa mwezi, na nimelikubali hilo ingawa mfuko haukufurahi.

Kama huna binti wa Jumatatu, wala 1,500 za mwezi, usifuge.

Vijana wa Dunga wamerudi Blogger, na niliwaunga mkono. Safari hii wana domeini ya .co.ke kwa jina la kikundi, wasimamizi wawili, na laini ya simu inayokaa kwa mweka hazina ndani ya kopo lile lile la pesa za mafuta. Gharama ya mwaka ni hiyo domeini. Blogu ya zamani bado inatangulia kwenye Google, ikisema boti hazitoki, na hakuna wa kuifuta. Kwa hivyo makala ya kwanza kwenye blogu mpya waliipa kichwa kwa herufi kubwa: BOTI ZINATOKA. Chini yake mistari minne na picha ya ziwa la Ijumaa ile, maji meupe mpaka mbali, na gugu kidogo pembeni kwenye mafunjo.